Nani Anaweza Kukaa Hapa? Usalama na Ujumuishi katika Bustani za Umma

Kwenye mlango wa bustani moja ya umma jijini Dar es Salaam zimesimikwa nguzo tatu za chuma, zikajazwa zege na kupakwa rangi nyeupe na nyekundu, ili bodaboda zisiingie. Mtu wa miguu hupita katikati yake bila shida. Alasiri moja nilimwona mzee akifika hapo na baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Akaipima nafasi kwa macho, akarudi nyuma kidogo, akajaribu kuingia kwa upande, kisha akaacha na kuegesha kando ya ukuta, nje, juani. Wajukuu wake wawili waliingia peke yao kwenda kwenye bembea, naye akabaki akiwaangalia kupitia nafasi ileile iliyomshinda kupita.

Nguzo zile ziliwekwa kwa nia njema, kwa kuwa pikipiki inayokatiza kwa kasi katikati ya watoto wanaocheza ni hatari ya kweli. Lakini aliyezisimika alikuwa na swali moja tu, la nani azuiwe, na hakujiuliza nani atazuiwa pamoja naye. Jambo hili ndilo linalotatiza mjadala mzima wa maeneo ya wazi katika miji yetu. Tumezoea kuuchukulia usalama na ujumuishi kama mambo yanayovutana, kana kwamba bustani ikifunguliwa kwa watu wote itakuwa ya hatari, na ikifanywa salama ni lazima baadhi ya watu wabaki nje. Mimi naamini kuwa hesabu hiyo imekosewa tangu mwanzo, na ningependa kuonyesha ni wapi ilipokosewa.

Tuanze na kile kinachoifanya bustani iwe salama. Mlinzi mmoja mwenye rungu hawezi kuona kila pembe, na ukuta humficha mhalifu kama unavyomzuia. Kinachomlinda mtu mahali pa wazi, kwa sehemu kubwa, ni kuwapo kwa watu wengine wasio na haraka ya kuondoka: bibi anayemsubiri mjukuu, muuza kahawa, vijana wanaocheza drafti, mama anayenyonyesha chini ya mti. Pwani yetu iliujua ukweli huu kabla ya kuwapo kwa idara za mipangomiji. Baraza za mawe zilizojengwa mbele ya nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mombasa ni viti vya kudumu vinavyotazama njia. Mgeni akipita anasalimiwa, mtoto akianguka anainuliwa, na mwenye nia mbaya anajua kwamba ameonekana. Hakuna aliyeajiriwa kulinda, ila njia ina macho kutwa nzima kwa sababu kuna mahali pa kukaa.

Hata hivyo, baraza inatufundisha jambo la pili pia. Kwa desturi, waliokaa juu yake saa za jioni walikuwa wanaume, na mwanamke alipita mbele yao kwa haraka, akiamkia bila kusimama. Macho yale yaliyompa ulinzi mtoto yalimpa dada mzigo. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama kuna watu. Inabidi kuuliza ni watu gani wanaoweza kukaa, kwa muda gani, na nani anapita tu. Ndiyo maana katika makala hii nimelichagua neno kukaa kuwa kipimo changu. Kuingia ni rahisi kuandikwa kwenye ripoti, lakini kukaa kunadai kivuli, kiti, choo, mwanga na moyo uliotulia.

Jiji la New York lina mfano unaoeleza jambo hili vizuri. Bustani ya Bryant Park, iliyo katikati ya jiji hilo, ilikuwa imeinuliwa juu ya usawa wa barabara na kuzungushiwa vichaka na uzio, kwa mawazo kwamba utulivu unapatikana kwa kujitenga na kelele za mtaa. Kufikia miaka ya 1970 ilikuwa maarufu kwa biashara ya dawa za kulevya. Mtafiti William H. Whyte, ambaye kwa miaka mingi aliwatazama na kuwarekodi watu katika maeneo ya wazi ya jiji hilo, alieleza kwamba tatizo lilikuwa katika umbo la mahali penyewe: aliye ndani haonekani, na aliye nje hana sababu ya kuingia. Bustani ilifungwa mwaka 1988 kwa ukarabati na kufunguliwa tena mwaka 1992, ikiwa na vichaka vichache, milango iliyo wazi zaidi, vibanda vya chakula, vyoo vinavyofanya kazi na viti vyepesi ambavyo mtu anaweza kuvisogeza apendako. Watu wa kawaida walirudi, na waliokuwa wameitawala bustani kwa sababu ya upweke wake wakakosa mahali pa kujificha. Hapo usalama uliongezeka kwa kupunguza vizuizi.

Mfano wa pili unatoka Vienna, Austria, na unatuhusu sana sisi tuliokulia kwenye viwanja vya mitaani. Utafiti uliofanyika huko mwaka 1996 na 1997 ulionyesha kwamba wasichana wakifikisha umri wa miaka tisa hivi walikuwa wakipungua ghafla kwenye bustani za umma, huku wavulana wakiendelea kuzitumia. Hakukuwa na kanuni iliyowakataza. Eneo lilikuwa moja kubwa na tupu, na penye eneo moja kubwa mpira wa miguu hulichukua lote, kisha wenye nguvu na sauti wakalishika. Mwaka 1999 jiji likabadilisha bustani mbili za wilaya ya Margareten: uwazi mmoja mkubwa ukagawanywa sehemu kadhaa, vikaongezwa viwanja vya voliboli na mpira wa vinyoya, na njia na taa zikaboreshwa. Wasichana wakarudi, bila wavulana kufukuzwa.

Yeyote aliyewahi kutazama kiwanja cha mtaa saa kumi na moja jioni anaijua hali hiyo. Mpira umejaa katikati, na wasichana wamebanwa pembeni na rede yao, kamba yao na mdako wao, wakikwepa mashuti yanayotoka nje. Wakisema hawataki kucheza tena, tunasema wamekua. Mara nyingi wamekosa nafasi tu, na nafasi hiyo inapatikana bila fedha nyingi: safu ya miti miwili mitatu, kipande cha sakafu laini cha mita chache, ukuta mfupi wa kukalia unaotenga upande mmoja. Mbunifu anayechora kiwanja kimoja cha mpira na kukiita eneo la michezo la jamii nzima amekwisha kuamua nani atacheza.

Sasa niingie kwenye vipimo, maana nia njema nyingi hufia hapo. Kila mtu amewahi kuona mteremko wa zege uliomwagwa juu ya ngazi ili jengo lihesabiwe kuwa linafikika. Kipimo kinachokubalika katika nchi nyingi ni kwamba kwa kila sentimita moja ya kupanda, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12 angalau. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zinafanya kimo cha sentimita 45, kwa hiyo mteremko wake unahitaji mita 5.4. Ukimwagwa kwenye mita moja na nusu, aliye kwenye kiti mwendo hawezi kuupanda bila kusukumwa, na akishuka anaweza kuanguka kifudifudi. Katika bustani, ambako ardhi ipo, ni bora zaidi kuilaza njia yenyewe polepole, sentimita moja kwa kila sentimita 20, ili watu wote wapite njia moja bila kuwapo mlango wa wenye ulemavu upande wa nyuma. Mama mwenye kigari cha mtoto, mzee mwenye mkongojo na mwuza madafu mwenye mkokoteni watafaidika pamoja naye.

Tukirudi kwenye zile nguzo za mlangoni, jambo lililofichika ni kwamba upana peke yake hauwezi kutenganisha pikipiki na baiskeli ya mtu mwenye ulemavu, kwa sababu baiskeli ile ya magurudumu matatu si nyembamba kuliko usukani wa bodaboda. Viwango vya kimataifa vinavyotaja upana wa sentimita 90 viliandikwa kwa kufikiria kiti mwendo, ambacho ni chembamba na chepesi kugeuza, wakati vyombo vinavyotembea kwenye barabara zetu ni vipana na virefu zaidi. Ukibana nafasi hadi pikipiki ishindwe, umemzuia yule mzee. Jawabu basi halipo kwenye chuma. Bodaboda hukatiza bustanini kwa sababu ndiyo njia ya mkato, au kwa sababu abiria wako ndani. Wapewe kijiwe chenye kivuli karibu na mlango, njia ya bustani ipinde ili isiwe mkato wa kwenda barabara ya pili, na penye lango awepo mtu mwenye shughuli yake halali, kama muuza matunda, atakayewajua kwa majina wanaovunja utaratibu. Kazi hii ni ndefu kuliko kusimika nguzo.

Kuna pia migongano ya kweli, na makala inayodai kwamba mahitaji yote yanapatana yenyewe haisemi kweli. Anayetumia kiti mwendo anataka ukingo wa njia ushushwe hadi usawa wa barabara. Asiyeona, anayetembea na fimbo nyeupe, anautegemea ukingo uleule kumjulisha kwamba njia imeishia hapo na magari yanaanzia pale. Ukingo ukiondolewa, mmoja amefunguliwa njia na mwingine amewekwa hatarini. Suluhisho lilitoka Japani, ambako Seiichi Miyake alibuni mwaka 1965 vigae vyenye vinundu vinavyosikika kwa mguu na kwa fimbo, vikawekwa barabarani kwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967. Vinundu humaanisha simama, na mistari iliyoinuka humaanisha fuata. Leo vigae hivyo vinaonekana hata katika miji yetu, ingawa nimewahi kuona mistari inayompeleka mtu moja kwa moja kwenye mti au kwenye shimo la mfereji, kwa sababu fundi aliviweka kama urembo na hakuna aliyemweleza kwamba ile ni lugha.

Mgongano mwingine uko kwenye uzio. Mama wa mtoto wa miaka miwili anautaka, ili mtoto asikimbilie barabarani. Msichana anayetembea peke yake jioni anauogopa, kwa kuwa akifuatwa anahitaji njia zaidi ya moja ya kutokea. Wote wawili wana haki. Hapo huwekwa uzio ndani ya uwazi: sehemu ndogo ya watoto wachanga izungushiwe uzio mfupi, unaofika kiunoni, wenye lango moja na viti kuuzunguka, na bustani kwa ujumla iwe na njia nyingi za kuingilia na kutokea.

Kuhusu mwanga, kosa la kawaida ni kudhani kwamba taa kali ndiyo taa nzuri. Taa moja kubwa juu ya mlingoti mrefu hung'arisha duara moja na kulifanya giza la pembeni kuwa zito zaidi, kwa kuwa jicho lililozoea mwanga mkali halioni kitu kivulini. Aliye kwenye mwanga anaonekana na kila mtu, naye haoni mtu. Taa nyingi za wastani, zilizopangwa chini ya matawi ili miti isizifunike inapokua, humwezesha mpita njia kuitambua sura ya anayekuja kabla hajamkaribia. Mimea nayo ifuate kanuni hiyohiyo: vichaka visizidi kimo cha goti au kiuno, matawi ya miti yaanze juu ya kichwa cha mtu mzima, na katikati pabaki wazi.

Miti yenyewe isikatwe kwa kisingizio cha usalama. Katika jua letu, mahali pasipo na kivuli pamefungwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, hata kama lango liko wazi. Kwa watu wenye ualbino jambo hili ni zito kuliko starehe, kwani jua huwaletea saratani ya ngozi, nao wamo katika kila mji wa Tanzania. Mwembe mkubwa au mkungu wenye matawi yaliyotandaa ni kifaa cha ufikikaji sawasawa na mteremko. Ningependa siku moja nione mchoro wa bustani ambao kabla ya kuonyesha kitu kingine unaonyesha kivuli kinaangukia wapi saa sita mchana, na kama kuna kiti hapo. Kiti hicho nacho kiwe na egemeo na mikono, kikiwa na kimo cha sentimita 45 hivi, maana mzee mwenye magoti mabovu akikaa kwenye benchi la zege lisilo na mikono huanza kufikiria, kabla hajatulia, jinsi atakavyoinuka.

Ukitaka kuona mengi ya haya pamoja, nenda Forodhani, Zanzibar, jua linapozama. Bustani hiyo ilitengenezwa katikati ya miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Waingereza, ikakarabatiwa na Shirika la Aga Khan la Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009. Jioni meza za wauzaji hupangwa, mkaa huwashwa, miwa hukamuliwa, na moshi wa mishkaki huenea hadi upande wa Beit el-Ajaib. Vijana huruka kutoka ukutani kuingia baharini huku umati ukiwatazama. Pia utaona wanawake wa mjini na watoto wao wamekaa kwa saa nzima na zaidi, jambo ambalo baraza za mitaani hazikuwapa. Sababu ni kwamba kuna la kufanya kwa kila umri, kuna mwanga unaotoka kwenye meza zenyewe, na wauzaji wanarudi mahali palepale kila siku hata wanawatambua wateja na wageni. Kwa hiyo miji inayoanza kila ukarabati kwa kuwaondoa wachuuzi huwaondoa pamoja nao walinzi wake wa bure. Wachuuzi wanahitaji utaratibu, maji, mapipa ya taka na mipaka ya meza ili njia zisizibwe, na hayo yote ni kazi ya usanifu.

Atatokea msomaji atakayenikumbusha Msitu wa Karura, Nairobi, na ni haki anikumbushe. Msitu huo wa zaidi ya hekta 1,000, ambao Wangari Maathai na wenzake waliutetea dhidi ya wanyakuzi wa ardhi na kushambuliwa kwa ajili yake Januari 1999, ulikuwa mahali pa kuogopwa. Baadaye ulizungushiwa uzio, ukawekewa askari na kiingilio, na leo familia, wakimbiaji na waendesha baiskeli wamejaa humo. Je, uzio haukufanya kazi? Ulifanya. Lakini msitu mkubwa ulio pembezoni mwa makazi si bustani ya mtaa. Hauwezi kuangaliwa kutoka kwenye dirisha la jirani, na jirani wa Karura alishiriki tangu mwanzo katika kuurejesha. Hata hapo, kilichokamilisha kazi ya uzio ni wingi wa watu waliorudi. Na kiingilio, hata kikiwa kidogo, hutozwa kwa kila mtu wa familia: mama mwenye watoto wanne hulipia watano, kabla ya nauli. Kwa bustani ya mtaa, naona kiingilio kinaondoa maana ya neno umma.

Neno hilo la umma lina historia yake ya kupiganiwa. Bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa wakazi wa Nairobi mwaka 1906 na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, ilinusurika mwaka 1991 baada ya mjukuu wake, Zarina Patel, kuongoza kampeni dhidi ya mpango wa kujenga maegesho ya ghorofa. Miaka miwili kabla yake, Maathai alikuwa ameupinga mpango wa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Eneo lililo tupu na chafu ni rahisi kunyakuliwa, kwa sababu hakuna atakayelilia. Linalotumiwa na kila aina ya mtu lina watetezi wengi.

Sheria hazikosekani. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unataja katika ibara ya 30 haki ya kushiriki katika burudani, mapumziko na michezo, na Malengo ya Maendeleo Endelevu yanataka ifikapo mwaka 2030 kila mtu afikie maeneo ya wazi yaliyo salama na jumuishi. Kinachokosekana mara nyingi ni kitu kidogo kama ufunguo wa choo. Choo kilichojengwa vizuri kikafungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo akaondoka saa tisa, kinampangia mjamzito, mzee mwenye kisukari na msichana aliye katika siku zake muda wa kukaa bustanini. Bajeti ya ujenzi hutafutwa kwa bidii, ya kufagia na kubadilisha taa iliyoungua husahauliwa, na bustani huanza kufa wiki ileile utepe ulipokatwa.

Njia nzuri ya kuyaona mapungufu haya kabla ya zege kukauka ni kutembea. Mwaka 1989 huko Toronto, Kanada, shirika la METRAC lilianzisha utaratibu ambao wanawake wa eneo husika hutembea mahali penyewe, hasa usiku, wakiandika wanapoogopa na kwa nini. Utaratibu huo ulifika pia Dar es Salaam kupitia mpango wa Miji Salama wa Umoja wa Mataifa, ukafanyika Manzese. Faida yake ni kwamba unamtoa mtaalamu mezani. Ramani haionyeshi kwamba nyuma ya kibanda cha umeme kuna kona inayonuka mkojo, wala kwamba kituo cha daladala kiko mbali kiasi kwamba binti anaondoka bustanini saa kumi na mbili ili asitembee gizani. Wanaopaswa kualikwa kwenye matembezi hayo, pamoja na wanawake, ni yule mzee wa baiskeli, kijana asiyeona, mtoto wa miaka kumi na muuza kahawa, na waalikwe wakati mchoro ungali wa penseli.

Bustani ikishafunguliwa, kipimo chake hakihitaji mitambo. Whyte aliona kwamba uwiano wa wanawake ni dalili nzuri ya ubora wa mahali, kwa kuwa wao huchagua kwa uangalifu zaidi pa kukaa. Chukua daftari Jumamosi, ukae saa tano asubuhi, kisha saa kumi jioni, kisha saa moja usiku. Usihesabu wanaopita. Hesabu waliokaa, ukiandika wanawake wangapi, wazee wangapi, watoto wa kike wangapi, wangapi wenye kiti mwendo au fimbo nyeupe. Ukikuta kundi moja halimo katika saa zote tatu, usiandike kwamba halipendi bustani. Inuka, nenda hadi kituo cha daladala ambako watu wa kundi hilo wangeshukia, kisha uifuate njia yao hatua kwa hatua hadi kwenye kiti, ukisimama kila penye ngazi, nguzo, kufuli au giza.